Shosho alikataa kumtaja Askofu kwenye ushuhuda. Alikosea?

Fundi_wa_Sauti (mwanzisha uzi)

Wadau hamjambo. Humu mimi ni msomaji tu, naandika kwa nadra, lakini hili limenikaa kooni tangu Jumapili.

Ni fundi wa sauti katika kanisa moja huku Eastlands, Nairobi. Jina la kanisa silitaji, na wanaonijua tafadhali msinitaje. Kazi yangu ni mashine, nyaya, maiki nane (mbili zinakwaruza), na baada ya ibada nakata video ya kupandisha mtandaoni. Ukikaa nyuma ya mashine huna nafasi ya kusinzia kama waumini wenzako. Kila kitu unakisikia mara mbili: Jumapili kikitendeka, Jumatatu ukikikata.

Jumapili iliyopita tulikuwa na ibada ya shukrani kwa sababu ya paa. Tangu mvua za 2018 tumeabudu chini ya mabati yanayovuja, tukisogeza viti kufuata pakavu. Sasa paa limekwisha, na ni zuri, siwezi kusema uongo. Wageni walikuja: Askofu wetu, maaskofu wenzake wawili, mheshimiwa mmoja na msafara wake, wafanyabiashara wa hapa mtaani. Viti vya kitambaa mbele, vya plastiki nyuma. Mnaijua hiyo picha.

Jumatatu usiku nikikata rekodi nikaanza kuandika dakika kwenye karatasi, mwanzoni kwa ajili ya kazi tu. Ibada nzima: dakika 214. Kutambulisha wageni, na wageni kutambulisha walioandamana nao, na walioandamana nao kusimama wapunge mkono: dakika 51. Kusoma Neno lenyewe, mahubiri siyahesabu: dakika 2. Nilirudia nikidhani nimekosea.

Halafu kuna kwaya. Waliimba wimbo ambao kiitikio chake kinataja jina la Yesu mara tatu. Ubeti wa mwisho kiongozi akaliondoa, akaweka la Askofu. Watu wakalipuka! Vigelegele, noti zikatoka mifukoni, akina mama wakamzunguka kwa leso. Na mimi, niseme ukweli, nikapandisha kinanda. Raha ilikuwa imenikolea. Sikuona chochote kibaya mpaka Jumatatu nilipousikia wimbo peke yangu kwenye spika za masikio, saa sita usiku, mke amelala.

Sasa ndiyo tufike kwa shosho.

Yuko shosho mmoja ambaye hupangusa viti vya kanisa kila Jumamosi. Mjukuu wake alilazwa wiki sita, tukadhani tutazika, akatoka mzima. Wakati wa shuhuda emsii akamwita: "Dakika moja tu shosho, muda umetutupa mkono." Nikampa maiki namba nne, mojawapo ya zile zinazokwaruza, maana nzuri zote zilikuwa meza ya wageni. Akaeleza jinsi mtoto alivyopumua kwa mashine, na kwamba siku hizi anakula ugali na kuiba sukari. Watu wakacheka. Akasema, "Nimekuja kumpa Mungu utukufu," akageuka aende akaketi.

Emsii akamzuia. "Na bili shosho? Nani alitusaidia na bili?" Mkono tayari umenyooshwa kwenye kiti cha Askofu.

"Watu walichanga."

"Watu gani hao? Mwambie Baba Askofu asante, tumpigie makofi ya kilo!"

Shosho akashika maiki kwa mikono miwili. Hapa nanukuu rekodi: "Baba Askofu alinipa elfu tano. Siku hiyo hiyo nilimwendea nyumbani nikamshukuru, na yeye anajua. Hilo deni nililipa. Leo nimemjia mwenye mtoto."

Akarudisha maiki. Kimya. Kwenye kompyuta yangu kile kimya ni sekunde nne za mstari mnyoofu. Kisha emsii akacheka kicheko kikavu, "Haya, Mungu ni mwema!", tukaitikia "kila wakati", tukaendelea na mheshimiwa.

Jana mkuu wa idara yetu ya habari amenitumia ujumbe nikate hicho kipande "kwa heshima ya Mtumishi". Kanisa limegawanyika. Kuna wanaosema shosho alimwaibisha aliyemfaa siku ya shida, kuna wanaosema alinena. Alikosea? Na mimi nikate au nisikate?

---

Tarumbeta

Usikate. "Leo nimemjia mwenye mtoto." Wueh! Mpeni shosho maua yake.

---

Mcheza_Kwao

Mimi nitakuwa yule mbaya wa uzi huu. Shosho alikosea, na heshima zote kwake.

Mcheza kwao hutunzwa. Askofu alitoa elfu tano za mfukoni mwake. Tangu lini shukrani ikawa deni unalolipa mara moja ukaondoka? Someni Warumi 16, sura nzima ni Paulo akitaja watu kwa majina: Fibi, Prisila na Akila, Mariamu, Persisi. Anasema makanisa yote ya Mataifa yanawashukuru Prisila na Akila. Na barua hiyo ilisomwa wapi kama si kanisani? Paulo huyo huyo anaandika kwamba astahiliye heshima apewe heshima, Warumi 13:7. Wazee wanaoongoza vema wapewe heshima maradufu, 1 Timotheo 5:17.

Hata Gideoni. Kelele za vita zilikuwa "Upanga wa BWANA na wa Gideoni!" Jina la Mungu na la mtumishi wake kwa pumzi moja, na Wamidiani wakakimbia.

Halafu kuna adabu. Mtu amekufaa, mbele ya wageni wake unamjibu hivyo? Kwetu hapana.

---

Shemasi_Mstaafu

Mcheza Kwao, ndugu yangu, umesema mengi ya kweli na nitarudi kwa Gideoni wako, maana umemwacha njiani.

Kwanza mfalme Herode. Watu wakitaka kuonya juu ya kuiba utukufu wa Mungu hukimbilia Matendo 12, malaika akampiga, akaliwa na chango. Wanaanzia mwisho. Anza mstari wa 20. Watu wa Tiro na Sidoni walimwendea Herode kwa nini? Luka anaeleza: nchi yao ilipata riziki zake katika nchi ya mfalme. Unga ulikuwa kwake, na alikuwa amewakasirikia. Hawakumwendea moja kwa moja, wakatengeneza urafiki kwanza na Blasto, msimamizi wa nyumba yake. Kila mheshimiwa ana Blasto wake. Ndiye hupigiwa simu Ijumaa kuulizwa kama bosi atakuja na kama atakuja mikono mitupu.

Baada ya hapo ndipo sauti ikapazwa: "Ni sauti ya Mungu, si sauti ya mwanadamu." Unadhani waliamini? Walikuwa na njaa. Ile ilikuwa bei ya unga.

Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, naye anakisimulia kisa hiki. Ni Kaisaria, mwaka 44. Mfalme aliingia uwanjani asubuhi na mapema amevaa vazi lililofumwa kwa fedha tupu, jua likalipiga, watu wakaona mng'ao, wakaanza kumwita mungu. Na kosa la Herode katika masimulizi yote mawili ni dogo kuliko tunavyolihubiri. Hakusema "mimi ni mungu". Alinyamaza. Hakuwakemea, hakukataa, aliketi akapokea.

Sasa tazama sura mbili mbele, Listra. Paulo na Barnaba wamemponya kiwete, watu wanawaita Herme na Zeu, kuhani analeta ng'ombe na mashada ya maua. Wale wawili walirarua nguo zao wakaruka katikati ya umati wakipiga kelele. Nimekuwa shemasi miaka 26 hapa Nairobi. Sijawahi kuona mtumishi akirarua hata leso.

Kwa hiyo swali langu si kama shosho alikosea. Emsii ndiye nataka kumuuliza. Shosho alikuwa amemaliza, amesema anampa Mungu utukufu, anarudi kuketi. Nani alimrudisha? Na alimrudisha kwa sababu ipi kama si bili? Hiyo ni Tiro na Sidoni.

---

Kinyozi_wa_Kariobangi

Makanisa yote ni biashara. Nimemaliza.

---

Tarumbeta

@Kinyozi haujamaliza, haujaanza. Soma uzi.

---

Kinanda_Kayole

Naomba niingize mguu wangu hapa kabla hamjaufanya uzi huu mtakatifu sana.

Napiga kinanda makanisa mawili kila Jumapili, moja asubuhi, lingine mchana. Nauli natoa mfukoni. Kamba za gita la mwenzangu tulichangiana sisi wanamuziki. Nikiuliza habari ya posho naambiwa, "Ndugu, sisi hatutafuti utukufu wa wanadamu, thawabu yako iko mbinguni." Anayeniambia hivyo amekuja na gari ambalo kanisa humjazia mafuta.

Mnaona jinsi hili fundisho linavyotumika? Kwa mkubwa, sifa ni "kumheshimu mpakwa mafuta". Kwa mdogo, hata asante ni "kumwibia Mungu utukufu". Aya ni ile ile, inachagua mtu wa kumpiga.

Johann Sebastian Bach aliandika herufi S.D.G. mwishoni mwa kazi zake nyingi, kifupi cha Kilatini cha "utukufu kwa Mungu pekee". Mzee huyo huyo, mwaka 1730 akiwa Leipzig, alimwandikia rafiki yake barua akilia kwamba mji ni ghali na mapato ni haba, hata akalalamika kwamba hewa ikiwa safi watu hawafi, na ada zake za mazishi zinapungua. Utukufu kwa Mungu, mshahara kwa fundi. Hakuona mgongano, na mimi siuoni. Mtenda kazi anastahili ujira wake, imeandikwa mstari mmoja tu baada ya ule wa heshima maradufu alioutaja Mcheza Kwao. Wa kwanza tunausoma kwa sauti, wa pili tunameza mate.

Fundi, wewe unalipwa?

---

Fundi_wa_Sauti

@Kinanda_Kayole Usiniulize hayo hadharani bana.

---

Katekista_wa_Mtaani

Sisi Wakatoliki ndio huwa washtakiwa wa kwanza katika kesi hii, kwa hiyo nina mazoea.

Mwaka 787, Mtaguso wa Pili wa Nikea ulikaa kwa ajili ya ugomvi wa picha takatifu na ukaweka mpaka: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, heshima inaweza kupewa watakatifu na picha zao, na heshima hiyo inapita inamwendea aliyechorwa. Ukikubali au ukikataa, angalau uone kwamba walitafuta maneno mawili tofauti. Kiswahili chetu kinayo pia: kuabudu, kuheshimu, kushukuru. Shida ni neno "sifa". Hilo limebebeshwa kila mzigo. Unamsifu Mungu, unamsifu mpishi, unamsifu mchezaji wa Gor Mahia. Ndiyo maana kwaya ya Fundi iliweza kutoka kwa Yesu hadi kwa Askofu bila hata kubadilisha ufunguo.

Kwa hiyo mimi nasema shosho anajua teolojia kuliko emsii. Alitenganisha. Askofu alipewa shukrani yake, nyumbani kwake, kwa wakati wake. Hakumdhulumu.

Na hili la fedha na sifa, Jimbo Kuu letu la Nairobi lilishawahi kuonjeshwa. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024 Rais alihudhuria misa katika kanisa la Soweto huko Embakasi, akatoa milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na watoto, na akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi ya parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa taarifa: zilizotolewa zirudishwe, na zile 200,000 za Gavana pia, na ahadi ya milioni 3 na basi havipokelewi. Kwaya ya Soweto ni ya watu kama mimi na wewe, laki sita si mchezo. Wengine walinung'unika mpaka leo wananung'unika. Lakini nilichoelewa siku hiyo ni kwamba kurarua nguo kwa Paulo kuna gharama, si maigizo.

---

Bint_Pumwani

Mimi si wa dini yenu, nasoma tu nikinywa chai. Kwetu hatumalizi sala bila kusema sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na bado kwenye shughuli kuna wa kuketishwa kwenye zulia na wa kusimama mlangoni. Msijione wapweke.

---

Mcheza_Kwao

Katekista, hiyo ya Soweto ni siasa, tusichanganye. Mwanasiasa anatafuta kura. Askofu wa Fundi amelilea kanisa lile, na paa hilo nadhani ni jasho lake. Na Shemasi, nangoja Gideoni wangu.

---

Shemasi_Mstaafu

Usichanganye? Anglikana waliona ni kitu kimoja. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kuwekwa wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Ole Sapit aliwanyima wanasiasa maiki. Waketi, waabudu, warudi nyumbani kama waumini wengine. Hakuwafukuza. Suala ni maiki, si mlango.

Haya, Gideoni. Uliishia sura ya 7. Rudi mstari wa pili wa sura hiyo hiyo: Mungu anampunguzia jeshi kutoka 32,000 hadi 300 na anatoa sababu kwa kinywa chake, Israeli wasije wakajivuna wakisema mkono wangu mwenyewe ndio ulioniokoa. Kisha sura ya 8. Watu wanamwambia Gideoni, tutawale. Anajibu jibu ambalo mtumishi yeyote angelitaka kwenye kalenda yake: mimi sitatawala juu yenu, wala mwanangu, BWANA atatawala juu yenu. Amina! Pumzi inayofuata anaomba pete za masikio za nyara. Zikapimwa, shekeli 1,700 za dhahabu. Akatengeneza naivera, lile vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake Ofra, na Israeli wote wakaiendea kwa ukahaba. Na mwanawe akaitwa Abimeleki. Uliza maana yake: "baba yangu ni mfalme".

Mdomo ulisema utukufu kwa BWANA. Dhahabu ikakaa Ofra.

Husikii hili kila Jumapili? Mtu anasimama nusu saa: nilinunua kiwanja, nilisimamisha nguzo, niliwaambia wasioamini wangoje waone. Halafu mwishoni, kama nukta ya kumalizia sentensi: "na sifa na utukufu zimrudie Bwana." Zimrudie zikitoka wapi, ikiwa zimekula nusu saa mezani kwako?

---

Mwana_wa_Uamsho

Bibi yangu alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapanda Uganda mpaka ukatufikia huku. Nilikuwa napelekwa kwenye ushirika wao nikiwa mdogo. Mtu akianza ushuhuda akaanza kuurefusha kwa mambo yake, alivyo hodari, alivyofunga siku ngapi, wenzake hawakumkemea. Mmoja alianzisha kiitikio, wote wakadaka, wakaimba mpaka aketi. Mimi nilidhani ni furaha imewazidi. Nimekuja kuelewa nikiwa na miaka thelathini na kitu.

Emsii wenu angeimbiwa mapema sana.

---

Mchungaji_Mdogo

Nimesoma kimya tangu jana. Ninachunga kanisa dogo Kawangware, mabati, viti 80, vingi vitupu. Nitasema kitu ambacho sisi wachungaji hatusemi mbele ya waumini.

Jumapili jioni watu wakishaenda unabaki na uchovu wa ajabu, na swali: kuna aliyesikia? Ukipata ujumbe kwenye simu, "Pasta leo umetubariki," unausoma mara tatu. Unamwonyesha mke wako kama mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani. Ni njaa, ndugu zangu. Shemasi anasema watu wa Tiro walikuwa na njaa ya unga. Mwenye vazi naye alikuwa na yake.

Kuna Jumapili moja nilihubiri vizuri mno. Niliruka, nililia, nilishuka madhabahuni nikatembea katikati ya watu. Walitoka wananisifia mpaka stejini. Usiku nikamuuliza mke wangu, nilisoma aya gani? Akafikiri. Hakukumbuka. Nikajaribu kukumbuka mwenyewe, ikabidi nifungue daftari.

Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu hulaumu mgema. Lakini anayekunywa tembo lenye maji ni nani?

Mcheza Kwao, sikubaliani nawe kuhusu shosho, ila usiache kumshukuru mchungaji wako. Mshukuru Jumanne. Mpigie simu Jumanne mchana wakati hakuna anayemkumbuka, umwambie neno lilikusaidia wapi. Jumapili mwache.

---

Mcheza_Kwao

Hiyo ya Jumanne naichukua. Lile la adabu bado sijaliachia. Angeweza kusema "asante Baba Askofu" maneno matatu, dunia isingeanguka.

---

Kinanda_Kayole

Isingeanguka, kweli. Lakini hakuombwa maneno matatu. Aliombwa atoe mjukuu wake awe tangazo.

---

Tarumbeta

Kinanda umefunga kesi. Jameni tumchangie shosho, tutengeneze hata fulana: "NIMEMJIA MWENYE MTOTO". Nani anajua namba yake? Aje tumhoji hapa, ni shujaa wa mwaka.

---

Katekista_wa_Mtaani

Tarumbeta, soma ulichoandika polepole. Hezekia alilivunja lile joka la shaba alilotengeneza Musa, 2 Wafalme 18:4. Lilikuwa limetoka kwa Mungu, liliponya watu jangwani, na mwisho wakalifukizia uvumba. Sasa sisi tumepata shosho mmoja wa kweli, kabla ya kurasa mbili kuisha tunamshonea fulana.

---

Tarumbeta

Aki nimepatikana.

---

Fundi_wa_Sauti

Mrejesho, kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha kwa wachache.

Sikukata. Wala sikuwa shujaa, niliahirisha tu, nikajifanya stima imepotea kwetu, mara mtandao, mara kompyuta. Alhamisi simu ikaita, ni Askofu mwenyewe. Nikajua kazi imeisha. Akasema, "Kijana, nitumie rekodi nzima, isiyokatwa." Nikatuma. Hakujibu siku mbili. Jumamosi akaandika sentensi moja: "Wimbo wa kwaya toa ubeti wa mwisho, shosho mwache." Ndiyo hiyo tu. Sijui alijisikiaje akisikiliza, na sikumuuliza, si rika langu.

Jumapili wageni walitambulishwa wakiwa wameketi. Dakika 6. Emsii alikuwa amenuna waziwazi. Viti vya kitambaa bado viko mbele, na kile kikubwa cha katikati chenye nakshi za dhahabu hakijaenda popote, kwa hiyo msinipigie vigelegele kama kwamba kanisa limetengenezwa upya. Kinanda, suala la nauli nimelitaja kwenye kikao cha idara. Limeandikwa kwenye kumbukumbu. Tuone.

Baada ya ibada shosho alinifuata kwenye mashine. Amesikia iko rekodi, anataka mjukuu aisikie. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, video haichezi, nikamwambia nitamtilia sauti kwenye memori kadi. Nikamvalisha spika za masikio asikilize kwanza. Akasikiliza amefumba macho, mkono mmoja kwenye meza yangu, kitambaa cha kupangusia viti bado begani. Ilipofika pale pa "hilo deni nililipa" akavua.

"Hapa nilipoongea sana, toa."

Nikamwambia shosho, hapo ndipo watu wanapapenda.

"Toa mwanangu. Mtoto anajua bili ililipwa. Acha pale nasema amepona, halafu weka ule wimbo watoto walioimba nyuma."

Nikamkatia hapo hapo akiwa amesimama. Dakika moja na sekunde kumi, wimbo ukiwemo. Ile ya mtandaoni nimeiacha kama Askofu alivyosema. Ya shosho iko kama alivyotaka yeye.